Mchaga Amemshtaki Mpare

Kila alfajiri, kabla watalii hawajaamka, mizinga ya theluji iliyopangwa kukizunguka kilele cha Kibo ilinguruma kwa pamoja. Ilivuta unyevu wa mawingu, ikaugandisha, ikautema juu ya mwamba ulioachwa mtupu theluji ya asili ilipoyeyuka enzi za mababu. Jua lilipochomoza, watu wa Moshi waliinua macho, wakauona mlima wao mweupe, wakaendelea kunywa chai. Nani hushangazwa na kitu anachokiona kila siku?

Fundi mkuu wa mizinga hiyo alikuwa Nakundwa Mbwambo, Mpare wa Usangi, mwanamke mwenye jicho kali lisilopitwa na kitu. Siku hizi jicho hilo lilikuwa na kazi moja tu: kumtazama Anaeli. Walianza kazi pamoja, wakala makande sahani moja, wakagombezwa kwa makosa yale yale. Sasa Anaeli, Mchaga wa Machame, alikuwa meneja katika ofisi ya vioo, na Nakundwa alimwonea wivu mpaka chakula kikakosa ladha. Watu husema wivu wa maendeleo ni mzuri. Wake ulikuwa wa kununa na kukosa usingizi.

Kilichompandisha Anaeli ni shahada ya biashara, nayo aliipata kwa kofia. Kofia ya elimu ilivaliwa wakati wa kulala, ikaufundisha ubongo uhasibu, masoko na sheria za mikataba huku mwenyewe akikoroma. Mwaka mmoja tu, bila kukosa zamu. Njia nyingine ilikuwa shahada ya Jumamosi: miaka minne, walimu wa kweli, madawati, na kazi za vikundi ambazo mmoja hufanya na wengine huandika majina. Shirika lao lingemlipia Nakundwa yoyote kati ya hizo mbili, na siku ya mwisho ya kuchagua ilikuwa leo.

Kofia, alijiambia. Miaka minne nikimwita Anaeli bosi? Thubutu!

Asubuhi hiyo walikutana kwenye korido. Mpare na Mchaga hawapishani hivihivi bila kurushiana maneno, ni watani.

"We Mchaga," Nakundwa alimwambia, "nasikia ukizimia hatuiti daktari. Tunadondosha sarafu tu, unaamka kuitafuta!"

Zamani Anaeli angemjibu papo hapo kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Safari hii alipepesa macho, akasema, "Nimekusikia," akaingia ofisini.

Anaringa, Nakundwa aliwaza. Cheo kimempanda kichwani.

Muda si mrefu akaitwa mbele ya Msuluhishi, mtambo uliosikiliza migogoro yote ya kazini kwa sauti ya upole kama ya mhudumu wa benki. Anaeli alikuwa ameketi tayari.

"Meneja Anaeli analalamika kwamba umemdhalilisha kwa sababu ya kabila lake," mtambo ulisema.

Nakundwa alikodoa macho, kisha akaangua kicheko. Mchaga amemshtaki Mpare! Wapare, mabingwa wa kesi, leo wanapelekwa mbele ya sheria na Mchaga! Katika miaka yote ya utani wao hakuna aliyewahi kutunga kitu kikali namna hii. Alicheka hadi akashika meza, na katikati ya kicheko wivu ukamchoma tena: kumbe kofia imemfanya bingwa hata wa utani.

"Umenipata, Mchaga! Haki ya Mungu umenipata! Nitawaambia nini watu wa kwetu?"

"Naomba lalamiko langu lishughulikiwe," Anaeli alisema.

Nakundwa alisubiri midomo ile icheze. Haikucheza.

"Anaeli. Mimi ni mtani wako."

"Najua. Utani ni desturi ya makabila mawili kutupiana maneno bila kuudhiana. Naweza kuueleza vizuri." Aliitazama mikono yake. "Kofia inahitaji nafasi kichwani. Ilibakiza maana za mambo, ikaondoa ule mtekenyo wake unaochekesha. Uliposema habari ya sarafu, nilisikia tusi. Nilisubiri kama kuna kingine kitakuja. Hakikuja."

"Hawakukuambia kabla hujaivaa?"

"Waliniambia itaondoa visivyohitajika. Nilidhani ni nyimbo za chekechea."

Nakundwa aliomba radhi. Alikubali kosa bila hata kukata rufaa, jambo ambalo kwao Usangi lingezua maneno. Kisha akaenda kwenye mtambo wa kuandikisha masomo, ambao ulimuuliza: kofia au Jumamosi?

Kutoka pale aliiona ofisi ya vioo, kiti chake kirefu na dirisha linalotazama mlima, na bado alivitaka vyote kwa roho mbaya ile ile.

"Jumamosi," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Alipogeuka, Anaeli alikuwa amesimama nyuma yake.

"Miaka minne," Anaeli alisema.

"Nimesikia. Ukitaka kuringa, ringa."

"Sijaja kuringa. Ulipokuwa unacheka mle ndani, nilikuonea wivu sana."

Nakundwa alimkazia macho. "Kumbe wivu unao?"

"Ninao. Huo kofia iliuacha. Iliona unafaa kwenye biashara."