Ndoo Shingoni mwa Bobi

Wapangaji wenzangu, tegeni sikio niwaeleze yaliyompata Nduta, yule mama aliyekuwa akiuza mboga mlangoni pake kule mtaa wa Mbotela, mwaka wa themanini na tatu.

Jumamosi hiyo mtaa ulikuwa umetulia. Nduta alikuwa akipiga pasi sare ya shule ya binti yake Wacera, na mbwa wao Bobi amejilaza karibu na mlango, akifukuza nzi kwa mkia. Mara mumewe, Kinyanjui, akarudi kutoka soko la Burma, alikokwenda kula nyama akaishia kulewa. Aliuliza chakula chake kiko wapi. Kabla mkewe hajajibu, alikwisha kuinyakua ile pasi ya makaa na kumrushia. Nduta aliinama. Pasi ikampata Bobi pajani, ikampasua hadi mfupa ukaonekana.

Jirani yao, Mulama, alikuwa mfanyakazi katika hospitali ya wanyama. Ndiye aliyembeba mbwa hadi huko, naye daktari akamfanyia upasuaji na kumshona nyuzi kumi na nne. Ili Bobi asizing'oe kwa meno, Mulama alikata kitako cha ndoo ya plastiki, akamvisha shingoni, kichwa kikawa ndani kama ua kwenye chungu. Nduta alimwambia kwamba mbwa amegongwa na gari. Mulama hakuuliza gari gani. Nani kati yetu hajawahi kukubali uongo kwa sababu ukweli utamsumbua?

Basi watu wakaanza kuja. Mtaani hakuna aliyewahi kuona mbwa aliyevaa ndoo. Waliuliza analala vipi, kama anasikia, kama ameadhibiwa kwa kuiba nyama. Watoto walisema ananasa matangazo ya redio.

Nduta mwenyewe alishikwa na hamu ya kumtazama. Siku ya kwanza Bobi aligonga kila kitu: kiti, karai, miguu ya watu. Siku ya tatu alikuwa amejifunza kuinamisha kichwa upande ndipo apite mlangoni. Akipewa chakula, aliifunika sahani nzima kwa ndoo, ukasikia ulimi tu ukifanya kazi humo ndani. Nduta alicheka, kisha akashangaa kujisikia akicheka.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Ndoo ilimziba macho pande zote mbili, kwa hiyo Bobi aliwajua watu kwa hatua zao. Akisikia za Wacera, alitikisa mkia. Akisikia za Kinyanjui, alirudi nyuma hadi ukutani, akatetemeka na kujikojolea.

Siku ya tano, saa kumi na moja jioni, Selpher mke wa Mulama alikuja kusaidia kuosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kinyanjui akaingia. Siku hiyo hakuwa amelewa. Bobi akaanza kutetemeka, ndoo ikikwaruza ukuta.

"Mbona anamwogopa bwana wake?" Selpher aliuliza.

Selpher akamgeukia Nduta. "Mama Wacera, ni gari gani hilo lililomgonga?"

Wacera, mtoto wa miaka minane, ndiye aliyejibu. "Si gari. Ni pasi. Baba alikuwa anampiga mama."

Selpher alinyoosha mkono taratibu, akakiinua kitambaa cha kichwa ambacho Nduta alikuwa amekivuta hadi kwenye nyusi. Chini yake palikuwa na jeraha la zamani na jingine jipya.

"Siku tano tunakuja hapa kumtazama mbwa," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyekuuliza wewe."

Kinyanjui alikaa kwenye kigoda akasema ni pombe. Selpher alimjibu kwamba pombe haikurusha pasi.

Kesho yake Mulama alimwita Njogu, kaka mkubwa wa Kinyanjui, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Nduta, aliyenyamaza miaka sita, alisema yote, tangu kofi la kwanza. Ikaamuliwa Kinyanjui akaishi kwa Njogu hadi aache pombe. Alikaa huko miezi minane. Aliporudi, Nduta alimpokea, lakini alimwambia mbele ya kaka yake kwamba akiinua mkono tena, yeye Nduta atatoka na hatarudi.

Hakuuinua tena. Lakini Bobi alichechemea maisha yake yote, na hakuwahi kumsogelea Kinyanjui, hata alipomnyooshea nyama.

SOMO

Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Tuliozisikia zile kelele kwa Nduta ni wengi, nami nimo, na tulisema ni mambo ya mtu na mkewe. Lakini mbwa alipovaa ndoo tulijaa mlangoni kuuliza. Mlevi anayempiga mkewe hulindwa na pombe yake kidogo, na ukimya wa majirani zaidi. Ukimwona mwenzako amefunika uso, muulize. Asipojibu leo, muulize na kesho.