Ujana Uliomrudia Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsaidia bibi yake kuloweka nguo za watu. Bibi alikuwa dobi, na makarai yake yalijaa ua wa nyuma. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku hiyo alifunua ndoo moja akakuta kitambaa chenye damu.

"Bibi, umejikata?"

"Funika." Bibi alitazama mlangoni, kisha akacheka kidogo. "Ujana umenirudia, mjukuu wangu. Hedhi iliniacha hata hujazaliwa. Sasa imekumbuka njia."

Kweli, majirani walikuwa wakimtania. "Dobi, unameremeta. Umepata mchumba nini?" Naye hujibu, "Mkimwona, mwambieni alete sabuni."

"Basi tumwambie baba," alisema Chiriku.

"Mtoto niliyemzaa mwenyewe nitamwambiaje? Mambo hayo mama mkwe humwambia mkamwana, na mkamwana humwambia mumewe."

Lakini mkamwana, mama yake Chiriku, alikuwa kaburini. Daraja lilivunjika, na Chiriku akaapishwa kunyamaza.

Damu haikukoma. Wakaenda zahanati wawili tu, wakijidai wanapeleka nguo. Muuguzi hakuinua kichwa.

"Unatakiwa kupigwa picha ya tumbo. Ila mkuu amekwenda semina na ufunguo wa chumba."

"Atarudi lini?" aliuliza Bibi.

"Semina haina haraka, bibi."

Waliporudi tena, kwenye kiti cha mkuu palikuwa na koti lake tu. Katika ofisi za namna hiyo hata koti hupanda cheo, na mgonjwa hushuka kaburini.

Bibi akakonda uso huku tumbo likijaa. Chiriku alikaa darasani bila kusikia lolote. Akisema, atamvunjia bibi yake heshima. Asiposema, je? Jibu lilikuja asubuhi moja, Bibi alipoanguka juu ya nguo mbichi na asiweze kuinuka.

Chiriku alikimbia mpaka kibanda cha baba yake, fundi viatu, akamkuta na misumari mdomoni.

"Baba, bibi ameanguka. Anatoka damu, damu ya kike. Aliniapisha nisiseme."

Baba aliitema misumari kiganjani. Hakugomba. Alifunga kibanda, akamfuata mbio.

Katika hospitali kubwa mhudumu aliwaambia wangoje mkubwa afike.

"Niliwahi kungoja," alisema baba, akiwa amemshikilia mama yake. "Mke wangu aliingia mlango huu akitembea. Nikarudi nyumbani na nguo zake. Leo singoji. Ita polisi ukipenda."

Daktari wa kike aliisikia sauti hiyo akatoka. Alimpima Bibi, akampiga picha, akawaita wote chumbani.

"Ovari ni vifuko vya mayai ya mwanamke," alieleza. "Ndivyo vinavyotengeneza homoni, yaani vijumbe vya mwili. Hedhi ikikoma uzeeni, vijumbe hivyo hupungua sana. Sasa, kwenye ovari moja ya bibi pana uvimbe, na uvimbe huu wenyewe unatoa homoni kwa wingi. Mji wa mimba unadanganyika, unajijenga kama wa msichana, halafu unatoa damu. Si kila uvimbe hufanya hivyo, lakini huu unafanya."

"Kumbe si ujana," alisema Bibi kwa sauti ndogo.

"Hapana, mama. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, aje apimwe."

Walimpasua. Baba na mwana walikaa kwenye benchi, wakiutazama mlango usiofunguka. Chiriku alilia mpaka machozi yakakauka. Alijua amechelewa, hakujua kama amechelewa mno. Hatimaye daktari akatoka akivua glavu. Uvimbe wote umetolewa, na haukuwa umesambaa. Bibi ataishi, ila atafuatiliwa kliniki.

Bibi alipozinduka, alimtafuta mjukuu wake kwa macho. "Umesema, Chiriku?"

"Nimesema, bibi. Nisamehe."

"Usiombe msamaha," alisema baba. "Wenye funguo wana dhambi yao, nami nitawafuata mpaka chumba kile kifunguliwe. Lakini sisi nasi tulijifungia mlango wetu wenyewe. Heshima inayomwacha mtu afe akiwa kimya si heshima. Sikia, mwanangu: maradhi hayana aibu. Ukiona mwili umebadilika, wako au wa mwenzio, sema kwa mtu mzima, na asiposikia, mwambie mwingine. Nawe mama, mkamwana wako hayupo. Niambie mimi."

Bibi akamshika mwanawe mkono, akaanza kumwambia mahali panapomuuma.