Dawa ya Kunguni Kwenye Sukuma

Tunaishi Huruma, gorofa ya tano, mlango wa mwisho. Mume wangu, Maingi, hupakia mizigo kwenye ghala moja la Industrial Area. Siku nyingine huja na gunia kuukuu la mchele. Mimi nalijaza udongo, nalitoboa ubavuni, napanda sukuma wiki. Juu ya paa la ploti yetu, jengo tunalopanga, nilikuwa na magunia sita. Jioni nachuma majani, nakaanga kwa kitunguu na nyanya, tunakula na ugali. Jina langu ni Nthoki, mama yake Kavinya, na nilijiona bingwa wa mboga. Nani angeniambia kitu?

Mwezi wa nne wadudu waliingia. Walikuwa wadogo, wa kijivu, wamejazana chini ya majani kama unga. Majani yakajikunja.

Jirani yangu Perez, mama yake Lorraine, alikuwa akianika nguo hapo juu ya paa.

"Mama Kavinya, mboga zako zinaliwa kabla hujazila," akanicheka.

"Subiri uone," nikamjibu. "Hawa wadudu watanijua mimi ni nani."

Chini ya kitanda changu kulikuwa na chupa ya soda. Ndani yake kulikuwa na dawa ya kunguni. Niliinunua kwa mchuuzi anayepita na kipaza sauti akiita, "Dawa ya kunguni! Dawa ya mende!" Chupa haikuwa na jina wala maelezo, lakini kunguni walikufa. Nikajiambia, kama imeua kunguni wa Huruma, itashindwaje na wadudu wa mboga?

Jumamosi asubuhi nikanyunyiza magunia yote sita. Harufu ilinipanda kichwani.

"Haidhuru," nikasema. "Nitaziosha, halafu moto utaua sumu."

Nikarudi chini kufua. Akili gani hizo! Hadi leo nikikumbuka najichukia.

Mchana, binti yangu Kavinya alipanda juu kucheza kalongolongo na Lorraine. Kavinya ana miaka sita. Unaujua mchezo huo: watoto hujifanya baba na mama, wakipika kwenye makopo. Mimi nilikuwa nasuuza shuka. Mara nikasikia Lorraine akipiga mayowe kwenye ngazi.

"Mama Kavinya! Kavinya anatapika!"

Nilipanda mbio. Mwanangu alikuwa ameketi sakafuni. Mate yalimtoka mdomoni, machozi yakimtiririka, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Kando yake palikuwa na kopo lenye vipande vya sukuma mbichi.

"Lorraine, mmekula nini?"

"Tulikuwa tunapika. Yeye ndiye alikula. Mimi sipendi sukuma."

Nilijua papo hapo. Nimemuua mtoto wangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikawaza.

Perez alikuja mbio na pakiti ya maziwa. "Mpe anywe! Maziwa yanakata sumu!"

"Usimpe!"

Aliyesema alikuwa Nangila, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Anakaa gorofa ya pili, na mayowe ya Lorraine yalikuwa yamempandisha juu. Huzunguka nyumba kwa nyumba akiuliza habari za chanjo na vyoo. Kusema kweli, mara nyingi nilikuwa nikijifanya siko nyumbani akibisha.

"Maziwa hayaondoi sumu," akasema. "Akitapika, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Wala usimtie kidole kooni. Amekula nini?"

Kwa aibu niliangalia kopo lile. Nangila akanishika mabega.

"Mama Kavinya, sikuja kukugombeza. Niambie tu, haraka."

"Nilinyunyiza dawa ya kunguni," nikasema, nikaanza kulia.

"Kalete chupa. Daktari lazima aione."

Alitoa glavu kwenye mkoba wake wa kazi, akazivaa, akamlaza Kavinya kwa ubavu, akamvua gauni lililolowa. Akamwosha uso na mikono kwa maji na sabuni. Nilipoleta chupa, tulimfunga leso yangu ya kujitanda, tukashuka naye hadi kwenye tuktuk.

Njiani nilimwita. "Kavinya! Mwangalie mama!" Hakuniangalia. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo mno, kama ncha ya sindano.

"Anapumua," Nangila akasema. "Endelea kumwita."

Nilimwita mpaka sauti ikanikauka.

Kwenye kituo cha afya daktari aligeuza chupa huku na huku. "Haina maelezo. Hatujui kuna nini humu ndani." Alimulika macho ya Kavinya, akamdunga sindano, akamwekea dripu. "Mmefanya vizuri kuja upesi. Sasa tusubiri."

Maingi alifika na vumbi la ghala nguoni. Nilimwambia ukweli wote. Aliketi karibu nami, mikono kichwani. Heri angenifokea. Tuliomba Mungu mpaka maneno yakatuishia.

Jumapili asubuhi Kavinya alifungua macho. "Mama, mbona unalia?" akauliza. Nililia zaidi.

Siku tatu baadaye tulirudi nyumbani, na mimi mwenyewe nikampeleka Nangila juu ya paa.

"Lakini si moto unaua sumu?" nikamuuliza.

"Moto huua vijidudu vya kuhara. Sumu kama hii usitegemee moto. Na kuosha hakuondoi yote, maana nyingine huingia ndani ya jani. Jioni ile nyumba yenu nzima ingekula sumu."

Tuling'oa kila mche. Tuliyafunga magunia na udongo wake, tukayaandika SUMU, tukayakabidhi gari la taka. Kisha nikaanza upya, kwa magunia na udongo mwingine.

"Wadudu hao huitwa vidukari," Nangila akanifundisha. "Kagua chini ya majani kila siku. Wakiwa wachache, wapanguse kwa vidole. Wakizidi, changanya kijiko cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji. Nyunyiza jioni, jua likipungua. Rudia baada ya siku chache."

"Na nikihitaji dawa ya dukani?"

"Nunua ya mboga, kwenye duka la kilimo, iwe na maelezo. Yatakuambia usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Yakisema saba, ni saba, si tatu. Na usiitie kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto ataona soda."

Vidukari walirudi, bila haya. Niliwapangusa mpaka vidole vikawa kijani. Nikanyunyiza maji ya sabuni mara tatu. Wakapungua, na majani yakafunguka mapana.

Siku ya kwanza ya kuchuma, niliyaosha mazima kwa maji safi mara mbili, ndipo nikayakata. Nikapika. Kavinya aliitazama sahani yake, akaficha mikono chini ya meza.

"Mama, hii ina dawa?"

"Haina, mwanangu."

"Kula wewe kwanza."

Maingi aliinamisha kichwa. Mimi nilimega ugali, nikachota mboga, nikala. Kavinya aliniangalia usoni muda mrefu, hapepesi macho. Kisha akatoa mkono chini ya meza, akamega.