Damu Iliyogoma Kushuka

Mbaraka mpimaji damu alikuta damu ya mrija mmoja imepungua, akamshuku Mashaka mfagiaji. Amshuku nani mwingine? Enzi hizo za Mwingereza, chumba cha kupimia damu cha zahanati ile ya Kisarawe kilikuwa na funguo mbili tu, wake na wa Mashaka.

Kazi yenyewe haikuwa na uganga. Damu ilitiwa dawa isigande, ikavutwa kwenye mrija mwembamba wa kioo hadi alama ya juu, ikasimamishwa saa nzima. Wekundu ukishuka polepole, mzima huyo. Ukiporomoka na kuacha maji ya manjano juu, mwilini mna uvimbe. Ya mkewe, Mwanamvua, iliporomoka. Viungo vilimvimba hata kanga akawa anafungwa na wenzake, na Mbaraka alimpenda kupita kiasi, tusifichane.

Sasa hata maji ya juu ya mrija wake yalipungua, na sakafu kavu! Akamnyang'anya Mashaka ufunguo, akajifungia mchana kweupe kuulinda mrija wa mkewe. Harufu ya damu ilimchefua, akafukiza ubani kama desturi yake. Ndipo akasikia kitu kikifyonza, taratibu, kama mtoto kwenye ziwa la mama, na maji yakashuka, yakazidi kushuka, na ubani ukanuka nywele zilizoungua, na shingoni ikampuliza pumzi ya mtu aliyekula nusu shibe na bado anangoja kuongezewa.

Akaenda kijiji cha Marui kumleta Bi Mwanakheri, fundi wa kupunga pepo. Bibi akatazama chetezo, akatazama mirija, akaguna.

"Mwanangu," akanong'ona, "damu mbichi na ubani pamoja, si umemwandalia jini chano cha chakula? Huyu hajaiba. Umemwalika."

Akalisemesha jini kwa maneno yake, akamwaga makaa nje, mlango ukajibamiza. Akasema limetoka humo chumbani. Lilikokwenda hakusema, na Mbaraka kwa furaha hakuuliza.

Nyumbani alimkuta Mwanamvua anatwanga mpunga, uvimbe hakuna. Mbaraka alilia machozi. Lakini roho ya shaka haina adabu. Kesho yake akampeleka zahanati, akamtoa damu, akaisimamisha. Saa ikapita, nyingine ikapita, wekundu haukusogea hata unywele. Na damu ya aliye hai, awe na afya ya namna gani, hushuka walau kidogo.

"Umeona nini, mume wangu?" Mwanamvua aliuliza kwa upole, amesimama nyuma yake.

Mbaraka alijua akimwita Bi Mwanakheri tena alitoe jini, huenda asibaki na mke.

"Umepona," akasema.

Mwanamvua akacheka, na Mbaraka akaogopa kugeuka amtazame anayecheka.