Moshi Uliokataa Kutoka

"Mbona haitoi moshi, Mwalimu?"

Mwanafunzi wa mstari wa mbele aliuliza kwa sauti, tena mbele ya mkaguzi. Mwalimu wa kemia alihisi jasho likimtiririka mgongoni. Leo alikuwa anapimwa. Akifaulu, anapanda cheo na kuhamia shule kubwa ya mbali. Chumvi ya mezani alishaitia maji, ikayeyuka kimya kimya kama ilivyotakiwa. Sasa kloridi ya alumini, iliyotakiwa kuchachamaa na kufuka moshi, nayo imenyamaza tuli!

Alichungulia ndani ya chupa. Unga ulikuwa umegandamana mabonge, umeshashiba unyevu wa hewani. Kwenye mlango wa stoo, fundi wa maabara, ambaye shule nzima ilimwita Kipara na ambaye ndiye mchumba wa Mwalimu, aliinamisha kichwa.

Mwalimu akachukua karatasi mbili za litmasi za bluu, za kupimia asidi.

"Moshi umetunyima, lakini msifunge madaftari. Kwenye chumvi, sodiamu imempa klorini elektroni yake jumla. Tukisogea kulia kwenye jedwali la elementi, alumini haitoi kirahisi hivyo, inagawana elektroni na klorini. Ndiyo maana ikikutana na maji, asidi inatokea. Tazameni."

Karatasi ya kwanza, aliyoichovya kwenye maji ya chumvi, ilibaki bluu. Ya pili, aliyoichovya kwenye maji ya kloridi ya alumini, ikawa nyekundu.

"Aaah!" darasa zima likashangilia. Mkaguzi akatabasamu.

Kipindi kilipoisha, Mwalimu aliingia stoo akafunga mlango.

"Nani aliacha kizibo wazi?"

"Labda panya..."

"Panya gani anajua kufungua kizibo cha kuzungusha?"

Kipara akakiri. "Ni mimi. Tangu jana jioni. Nilijua ukifeli utabaki hapa. Nikikuwazia huko mbali, moyo unanienda mbio."

"Kwa hiyo ukaona heri niaibike?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Ingekuwa bahati mbaya ningecheka. Hili umelipanga, ukalala nalo, na asubuhi ukanipigia simu kunitakia heri! Una uso wa aina gani wewe?"

Machozi yalimtoka Mwalimu. Alimpenda mwanaume huyu, na hicho ndicho kilichomkera zaidi.

"Mpigie Mkuu wa shule. Sasa hivi, na uweke spika nami nisikie."

Kipara akapiga.

"Mkuu, ile kloridi ya somo la leo niliiharibu mimi, makusudi. Mwalimu hana kosa lolote."

"Kijana, umelogwa? Kesho asubuhi ofisini kwangu, uchukue barua yako ya onyo!"

"Nitakuja, Mkuu."

Simu ikakatwa. Kipara alisimama kama aliyenyeshewa.

"Ukitaka kunirudishia pete, sitakulaumu."

"Nani kakwambia nataka itoke kwenye kidole hiki? Mimi nilitaka uniambie unaogopa. Basi. Tungekaa tukapanga."

"Naogopa," Kipara akasema.

"Hata mimi naogopa. Hukuniuliza tu."

Simu ya Mwalimu ikatetemeka. Ujumbe wa mkaguzi: *Hongera, umepita. Utaripoti mwezi ujao. Ile litmasi imenifurahisha.* Kabla hajamaliza kuusoma, mama yake akapiga.

"Mwanangu, vipi?"

"Nimepita, mama."

"Alhamdulillahi! Na harusi je? Shangazi zako hawanipi nafasi ya kupumua."

Mwalimu alimtazama Kipara, ambaye alikuwa ameacha kupumua.

"Harusi ipo, mama. Ila waambie kina shangazi, safari hii anayefunga virago kumfuata mwenzake ni bwana harusi."

Mama akaangua kicheko.

"Mwenyewe amekubali?"

Mwalimu akasogeza simu. "Mama anakuuliza."

"Shikamoo, mama," Kipara alisema huku akifuta macho kwa mkono wa koti la maabara. "Nimekubali. Mwenzangu akienda, nami naenda."

"Marahaba, mkwe wangu," mama akajibu, na vigelegele vyake vikajaa stoo nzima.