Nyuma ya Masikio ya Sekela

Juu ya mawingu ya Rungwe, kioo-kivuli kilikuwa kazini. Kila mwale wa urujuanimno ulipogonga paa la kielea, ile ndege isiyo na injini, kioo kiliunasa na kuugeuza kuwa mwanga wa kawaida usiochoma. Chini yake alikaa Sekela Mwakalinga, rubani wa kwanza mwenye ualbino kuvuka Ziwa Nyasa kwa nguvu ya upepo tu. Tukuyu nzima ilikuwa inatembea kifua mbele.

Sharti la Bodi ya Vielea lilikuwa moja. Akiungua, hata kidogo, leseni inafutwa, na hakuna mwenye ualbino mwingine atakayeruhusiwa kupaa.

Alitua jua likiwa la utosi, vigelegele vikampokea. Baba yake, mhandisi Ambakisye aliyekibuni kioo hicho, hakushangilia. Alimvua kofia, akamgeuza kwenye mwanga, akamkagua nyuma ya masikio, shingoni, puani, kama alivyofanya kila jioni tangu binti yake akiwa chekechea. Roboti ya upimaji ya Bodi ilibidi isubiri zamu yake.

"Hakuna kitu," alisema. "Hata wekundu hakuna, mama."

"Ngozi salama," roboti ikathibitisha.

Uwanja ulilipuka. Sekela alimrukia baba yake, na shati la baba la mikono mirefu, asilolivua hata kwenye joto la Kyela, likapanda hadi kiwikoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa makovu ya miraba, kila moja ukubwa wa kipande cha kioo. Moja lilikuwa kidonda kibichi.

"Baba, hii nini?"

"Vioo vyote kabla ya hiki vilivujisha miale. Bodi ilitaka vijaribiwe kwenye ngozi ya mtu, chini ya taa kali kuliko jua. Ningemwomba mtoto wa nani?"

"Si ulisema ngozi nyeusi kama yako haiungui?"

"Nilijidanganya." Akatabasamu. "Lakini umeona ulivyoruka, mama? Umeona?"

Fahari na hasira vilimjia Sekela kwa pamoja. Alimshika mkono ule usio na makovu, akamvuta hadi kwenye kivuli cha bawa, akamkalisha.

"Kutoka hapa ni hospitali, na sikuombi," alisema. "Vua shati. Leo zamu yangu."

Akaanza kumkagua, kuanzia nyuma ya masikio.