Duara la Ndani ya Kioo

Nukta ile ilitokea baharini, mahali palipokuwa patupu asubuhi. Koplo Clarence Pelley aliikazia macho kwenye kioo cha rada. Haikusogea. Kibanda kizima kikanuka petroli na sufu iliyolowa.

"Sajini, na hii ni nini tena?"

"Barafu imekwama," alijibu Sajini Haldane, mdomo umejaa biskuti. "Izungushie duara, andika jiwe. Au unataka makao makuu watucheke?"

Ndiyo ilikuwa desturi yao pale pwani ya Labrador wakati wa vita: kilichozungushiwa duara kwa penseli ya nta hakiripotiwi wala hakitafutwi. Msimu uliopita waliizungushia hivyo ndege iliyoanguka majini mahali palepale, watu wanne wakaganda wakisubiri boti. Baadaye walijua, wakanyamaza. Clarence alichora duara.

Alasiri ukungu ukashuka. Wilf, mdogo wake, alikuwa akirudi na ndege ya doria.

"Kaka, sioni hata pua ya ndege," alisema redioni. "Nishike mkono basi."

Nukta ya Wilf ilikuja vizuri, kisha ikapinda kuelekea kwenye lile duara, na Clarence akapiga kelele, "Kulia, Wilf! Geuka kulia!" lakini sauti iliyotangulia kumfikia mdogo wake ilikuwa ya Clarence yuleyule, tulivu, ikisema, "Nyoosha tu, mdogo wangu, umefika," huku harufu ya petroli ikizidi hadi machozi yakawatoka, na nukta ikaingia duarani, ikatulia.

Clarence alilisugua duara kwa kitambaa, kisha kwa kucha, akilia waziwazi. Halikufutika. Lilikuwa upande wa ndani wa kioo. Na katikati, pale kilipo kituo chao wenyewe, duara jingine lilikuwa likijichora polepole.

Nyayo zilizolowa zikapanda ngazi za nje.

"Kaka, fungua," ilinong'ona sauti ya Wilf mlangoni. "Niko na wale wanne. Tumeganda."

"Usifungue! Nakuomba, usifungue!" Haldane alidaka simu. "Makao makuu! Leteni boti, leteni watu, hapa kituoni tunakufa!"

"Kituo gani, Sajini?" aliuliza binti wa simu kwa upole.

"Rasi ya Grebe! Sisi wa rada!"

Ikasikika karatasi ya ramani ikikunjuliwa.

"Hapo hapana kituo, baba. Pamezungushiwa duara. Ni jiwe tu."

Akakata.